Mama Gramu na Mizani ya Mpakani

Ungetaka kuona wanaume wazima wakinyamaza kama wameitwa na mwalimu mkuu, ungesubiri asubuhi Mama Gramu anapoingia sokoni. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani ameining'iniza shingoni kwa kamba, na mikononi amevaa glavu nyeupe za pamba ambazo wauzaji walizicheka. Walizicheka, ndiyo, lakini akishapita. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa muuza nyama, muuza sukari, muuza misumari, kila anayeuza kwa kupima, akaweka mawe yake ya shaba juu ya mizani ya mtu na kutazama mshale. Mshale ukisema kweli, alifunga lakiri, kimuhuri kidogo cha madini laini ya risasi, kwenye skrubu ya mizani, akaibana kwa koleo lenye namba yake, kumi na saba. Lakiri hiyo ilidumu mwaka mmoja. Mizani isiyo na lakiri ilikuwa haramu kuuzia hata pilipili.

Zile glavu hazikuwa madoido. Jasho la mkono lina uzito wake, na jiwe ukilishika kwa mkono mtupu leo na kesho, mtondogoo halisemi tena kweli. Alikuwa akiwaambia watu wafunge dirisha kwanza, upepo usije ukasukuma mshale. Alikuwa akipiga chafya anaanza upya. Sasa mtu wa namna hiyo, jina la Mama Gramu angelikosaje?

Mpaka mwaka huu ninaousimulia alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, na hakuna mizani aliyoifunga lakiri bila kuipima. Hata moja! Mimi nawajua watu wa ofisi, tusidanganyane, wengine hufunga lakiri wamekaa kitini wanapuliza chai. Yeye, hapana. Shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mumewe, mwenye bucha, alimnyima lakiri wiki nzima kwa ajili ya gramu thelathini, na shemeji akasusa kukanyaga kwao mwaka mzima.

"Umemnyima mdogo wangu lakiri kwa gramu thelathini?" mumewe alimuuliza.

"Ningekunyima hata wewe," akajibiwa.

Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa utani, na tangu siku ile kila akipakuliwa chakula alikuwa akiuliza kama kimepimwa.

Basi, hayo mawe nayo lazima yapimwe. Watu hili hawalifikirii. Wanadhani jiwe la kilo ni la kilo milele. Halipo la hivyo. Kila mwaka mawe ya Mama Gramu yalikuwa yanapelekwa ng'ambo ya mpaka, kwenye maabara ya Umoja, yakalinganishwe na jiwe mama. Nchi zote za Umoja zilikuwa na maabara moja, na jiwe mama moja, ndiyo maana kilo ya huku na kilo ya kule ilikuwa kilo ile ile. Na mawe hayaendi kwa posta. Mkaguzi anayapeleka kwa mkono wake. Mama Gramu alikuwa anapanda basi, sanduku amelipakata kama mtoto mwenye homa, kilo kumi na mbili na gramu mia nne likiwa limejaa. Anavuka mpaka kwa kuonyesha kitambulisho tu, analikabidhi, analala siku mbili kwa mdogo wake aliyeolewa kule, wanacheka na kusengenya ukoo mzima, kisha anarudi. Baada ya wiki tatu anakwenda tena kulichukua.

Raha tupu, isipokuwa jambo moja. Kila mwaka yule fundi wa maabara, mwanamke mwenye nywele fupi, mpole kweli kweli, alikuwa akimpa cheti na kumwambia, "Mama, jiwe la kilo limepungua tena. Miligramu tatu."

"Langu?"

"Yanasuguliwa, mama. Hayakosi kupungua. Tumeyarekebisha, usijali."

Alikuwa anajali! Alikuwa akitoka pale mashavu yanamwaka moto. Miligramu tatu! Yeye na glavu zake, yeye na madirisha yake, anaambiwa mawe yake yamepungua, na anaambiwa kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa unachoma. Alisikia kana kwamba ameambiwa ni mwizi. Njia nzima ndani ya basi alikuwa anachemka.

Ndipo likaja lile la kupiga kura. Tubaki kwenye Umoja au tutoke? Kuta zikajaa karatasi. Waliotaka tutoke wakachora mkono ulioshika mizani, na chini yake maneno mawili: TUJIPIMIE WENYEWE! Wenyewe walikuwa na maana ya forodha na sheria na hayo mambo makubwa wanayobishania redioni. Mama Gramu akayasoma mara ya kwanza akiwa njiani kwenda kazini, akasimama, akahisi kuna mtu hatimaye amemwona. Zikamjia zile miligramu tatu za mwaka huu, na tatu za mwaka jana, na za mwaka juzi. Siku ya kura akaingia kwenye kile kibanda, akatia alama kwenye Tutoke, akatoka amenyoosha shingo.

Jioni alimwambia mumewe jikoni. Mwalimu, aliyekuwa amepiga kura tubaki, alivuta kiti akakaa.

"Umetutoa kwenye Umoja kwa sababu ya miligramu tatu?"

"Si mimi peke yangu."

"Najua si wewe peke yako. Ndiyo hofu yangu hiyo. Sijui wenzako wana miligramu ngapi."

Akamnunia siku mbili, kisha yakaisha. Wakati huo jambo lenyewe lilionekana la mbali. Wakubwa walikwenda kujadiliana, wakarudi, wakaenda tena, miaka miwili ikapita, watu wakasahau. Hata tarehe ya kutoka ilipotangazwa, ofisi zote zilitumiwa waraka kwamba hakuna kitakachobadilika. Kwa hiyo Mama Gramu akafanya kama miaka yote: siku kumi na moja kabla ya tarehe ile akapanda basi, akapeleka sanduku lake maabara, akarudi mikono mitupu. Tukatoka kwenye Umoja, na mawe yakabaki ndani ya Umoja.

Jamani, hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka.

Alipiga simu makao makuu ya idara kuuliza atayachukuaje. Akaambiwa mawe si mzigo wa mtu binafsi, ni mali ya serikali, hivyo yanahitaji kibali cha kuingiza. Akaomba kibali. Akaambiwa kibali kinatolewa kwa bidhaa, na mawe si bidhaa. Akauliza basi ni nini. Yule wa upande wa pili akasema asubiri, akaenda kuuliza, na simu ikawa inapiga muziki mpaka ikakatika.

Akapiga tena, safari hii kwa mkuu wake mwenyewe.

"Mkuu, tuna seti nyingine?"

"Hatuna, mama. Lakini usijali, nchi itakuwa na jiwe mama la kwetu."

"Litalinganishwa na nini?"

Mkuu akaanza kukohoa.

"Mkuu? Hilo jiwe letu, tutajuaje ni kilo?"

"Mama Gramu," mkuu akasema kwa sauti ya mtu aliyeshikwa pabaya, "tumia busara."

Tumia busara! Busara unaiweka kwenye sahani ipi ya mizani? Alikata simu, akakaa akilitazama kabati tupu mahali sanduku linapokaa. Alikuwa ametaka tujipimie wenyewe, na sasa tumeachiwa tujipimie wenyewe, na kumbe hakujua hata siku moja maneno hayo yana maana gani. Mawe hayajipimi. Yeye, katika watu wote, ndiye aliyepaswa kulijua hilo, na alilijua, miaka thelathini na moja alilijua. Sasa alipiga kura vipi? Aliona aibu, kisha akaona hasira, kisha akawa hajui amkasirikie nani.

Na mji nao ulikuwa hivyo hivyo. Dawa zilichelewa, vipuri vya mashine vikakwama, barua zikawa zinarudi. Waliotaka turudi kwenye Umoja waliandamana, na waliotaka tutoke zaidi ya tulivyotoka nao wakaandamana, wakakutana njia panda, wakagundua wote wanakwenda kuipigia kelele ofisi ile ile. Wakaingia pamoja. Mlango ulikuwa na kufuli.

Sokoni shida ilikuwa tarehe. Lakiri zote za mji zilifungwa mwezi mmoja na kuandikiwa tarehe moja ya mwisho, kwa hiyo zote zilikuwa zinakufa siku moja, Jumatatu. Ikifika Jumatatu bila lakiri mpya, muuza nyama haruhusiwi kupima, muuza sukari haruhusiwi kupima, soko zima limefungwa mdomo. Wauzaji walifanya foleni kwenye chumba chake kidogo nyuma ya soko, wakasimama mpaka koridoni.

"Mama, tufungie tu," alisema muuza misumari. "Mizani yangu unaijua. Haijawahi kukuangusha."

"Siijui mpaka niipime."

"Sasa utaipima na nini?"

Mama Gramu akajifanya anapanga karatasi. Hata shemeji wa bucha alikuja, akasimama mlangoni, akashindwa hata kumtania.

Ijumaa akampigia mdogo wake. Mdogo mtu alikwenda maabara, akalia, akabembeleza, yule fundi mpole akamkabidhi sanduku na cheti na barua. Wakakubaliana Jumamosi asubuhi wakutane kwenye geti la mpakani, huyu upande huu, yule upande ule. Mama Gramu akatia glavu mkobani, akatia na koleo lake, waya na vipande vya risasi kwa mazoea, akapanda basi la kwanza. Mumewe alimsindikiza kituoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote.

Kufika mpakani akakuta watu kama siafu. Foleni imetoka kwenye geti, imezunguka choo cha umma, imepita kibanda cha chai, mwisho wake hauonekani. Wengine wamelala juu ya mizigo. Akina mama wamevua viatu. Akauliza kuna nini, akaambiwa ni siku ya pili hii hakuna anayevuka na mzigo. Sheria mpya ilisema kila mtu avuke na kilo ishirini tu, kila mzigo upimwe, na mizani ya forodha lakiri yake ilikwisha muda Alhamisi. Afisa amekataa kuitumia.

Mama Gramu akaweka mkoba chini. Mizani ile ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeikagua mwaka jana, mapema kidogo kabla ya zile za mjini.

Na kumbe watu walikuwa wanamfahamu. "Si yule mama wa mizani?" mtu akasema. "Mama Gramu! Mama Gramu amekuja!" Foleni nzima ikaamka. Watu wakampisha, wakamshika mikono, bibi mmoja akambusu kabisa. "Gonga lakiri, mama, twende zetu!" Ungedhani anakwenda kufunga ndoa. Akasukumwa mpaka mbele, kwenye ukumbi wa forodha, na pale nyuma ya geti la chuma akamwona mdogo wake amesimama, sanduku la mbao ameliweka chini katikati ya miguu.

"Dada!"

"Mdogo wangu!"

Wakashikana vidole kupitia kwenye nondo. Mama Gramu machozi yakamtoka. Mdogo wake naye yalimtoka, lakini huku analia akasema, "Shemeji, mumeo, ameniambia ulipiga kura gani."

"Aliniambia atakaa kimya!"

"Kwa hiyo ni kweli." Mdogo mtu akaondoa vidole. "Dada, miaka yote hii nakupikia, nakutandikia, halafu unakwenda kunipigia kura ya ukuta?"

"Sikupiga ya ukuta. Nilipiga ya… ya mawe."

"Mawe!"

"Walikuwa wanasema yamepungua!"

"Si yalikuwa yamepungua kweli?"

Watu wa mbele ya foleni walikuwa wanafuata maneno haya kama wanaotazama mpira, macho huku, macho kule. Mama Gramu akashika kamba ya miwani. "Yalikuwa yamepungua kweli," akasema. "Sijui nilifikiri nini. Naapa sijui. Nilikuwa na hasira, na nikapewa kalamu." Mdogo wake alimtazama sana, akapangusa pua kwa kiganja, akarudisha vidole kwenye nondo. Hakusema amemsamehe. Akasema, "Haya, chukua sanduku lako, linaniumiza kiuno tangu jana."

Afisa wa forodha akaja na fomu. Kijana wa watu, shati limeloa mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi; wiki ile peke yake alikuwa amepokea nyaraka tatu, kila moja inafuta ya kabla yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimeisoma barua ya maabara. Nimeamua kuliandika ni 'vitu vinginevyo', tumalizane. Nahitaji uzito tu."

"Kilo kumi na mbili na gramu mia nne."

"Siwezi kuandika wa mdomoni, mama. Lazima utoke kwenye mizani hii. Na mizani hii haina lakiri."

"Basi niletee sanduku, niipime kwa hayo mawe, niifunge."

"Mawe yakitumika upande huu yameshaingia nchini. Na hayawezi kuingia kabla hayajapimwa."

Wakatazamana.

"Mama, mimi mwenyewe sielewi," afisa akasema taratibu. "Lakini koleo si unalo? Funga lakiri. Nipime sanduku, liwe lako, hawa wote wavuke. Ukishalipata ipime vizuri, utakavyo, hata kutwa nzima. Ni dakika mbili tu za kati."

Nyuma yake foleni ikaanza kupiga makofi kwa pamoja. Gonga! Gonga! Mtoto mmoja alikuwa analia kwa kiu. Mama Gramu akaisogelea mizani, ile ya sakafuni yenye uso wa duara kama saa ya ukutani. Akainama. Mshale ulikuwa umelala juu ya sifuri, umetulia tuli, hauendi mbele wala nyuma. Sasa, kila mwanagenzi aliyepita mkononi mwake alimfundisha jambo moja kabla ya yote: usiiamini sifuri. Mizani mbovu hulala kwenye sifuri vizuri tu. Uongo wake huanza ikibebeshwa. Alikuwa amelisema hilo mara mia. Lakini siku ile alikuwa amechoka, na Jumatatu ilikuwa inamjia mbio, na alitaka sana kuamini. Akajiambia, angalau sifuri iko sawa. Akatoa kipande cha risasi, akapitisha waya kwenye skrubu, akabana. Namba kumi na saba ikatokea, safi kabisa. Alikuwa amesahau kuvaa glavu.

Makelele ya furaha hayo! Geti likafunguliwa kiasi cha sanduku kupita, afisa akalipokea, akalitua juu ya mizani. Mshale ukapanda, ukacheza, ukasimama.

Kumi na mbili na gramu mia tisa.

Mama Gramu aliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Nusu kilo nzima! Alitamani ardhi ipasuke. Afisa akaandika hana hili wala lile, akachukua cheti cha maabara kukibandika kwenye fomu, akakisoma, akakunja uso.

"Mama, hapa maabara wameandika mia nne. Mizani inasema mia tisa."

"Naona."

"Siwezi kutuma karatasi mbili zinazogombana. Lazima niandike ipi ya kweli, na nani amethibitisha. Ni wewe." Hakuwa anamtega, sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Ukisema mizani yetu ndiyo ya kweli, cheti chao nakiandika batili, unachukua sanduku lako unaondoka. Ukisema cheti chao ndicho cha kweli, basi hiyo lakiri yako…"

Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Akisema yetu, anaondoka na sanduku la mawe ambayo yeye mwenyewe ameyaandika kuwa ya uongo. Atarudi sokoni apime soko zima kwa mawe aliyoyakana kwa sahihi yake. Akisema yao, anakosa mawe, na soko linafungwa Jumatatu, na hawa watu wote wanarudi kukaa chini kwenye vumbi.

"Sema yetu, mama!" mtu akapiga kelele. "Sema yetu twende!"

"Dada, sema chochote," mdogo wake akanong'ona kwenye nondo. "Ni karatasi tu."

Alisimama pale, na mimi sisemi alikuwa jasiri. Alikuwa amechanganyikiwa kama wote tulivyokuwa tumechanganyikiwa mwaka ule. Hakujua kama tulifanya vyema kutoka au vibaya, hakujua kama tutarudi, hakujua atawaambia nini akina muuza misumari. Katika yote hayo alikuwa na hakika na kitu kimoja, kwamba lile sanduku lilikuwa na kilo kumi na mbili na gramu mia nne, kwa sababu alilipakata miaka thelathini na moja na mapaja yake yanalijua.

"Yao ndiyo ya kweli," akasema. "Yetu inadanganya. Na mimi ndiye niliyeifungia."

Akatoa koleo, akainama tena, akaikata lakiri yake. Ilianguka sakafuni bila hata kutoa sauti.

Sitawaambia matusi aliyotukanwa, mengine sikuwa nimeyasikia mpaka siku ile. Chupa ya maji ilirushwa, ikapiga ukuta. Kuna aliyesema amehongwa na Umoja, na kuna aliyesema amehongwa na serikali. Afisa alifuta alichoandika, akalinyanyua sanduku, akalirudisha kupitia getini bila kumtazama usoni. Mdogo wake alilipokea, akalikumbatia, akabaki amesimama hapo hapo, haondoki.

Mama Gramu alikuwa bado ameinama anatafuta kile kipande cha risasi, maana sheria inataka kirudishwe ofisini, alipoona miguu mitupu imesimama mbele yake. Alikuwa muuza sabuni, mwanamke mkavu, gunia lake amelibeba kichwani. Huyu hakutukana. Alilitua gunia kwanza, polepole.

"Mama," akasema, "tangu hii sheria ya kilo ishirini imekuja, mimi napita hapa kila siku. Na kila siku naambiwa nimezidisha nusu kilo, natoa sabuni naziacha hapa mezani. Nyumbani napima ishirini, hapa inazidi. Mume wangu ananiambia siwezi hata kupima. Juzi nimempiga binti yangu, nikadhani ananiongezea vipande ili anikomoe." Akalitazama gunia. "Kwa hiyo nilikuwa napima sawa?"

"Ulikuwa unapima sawa."

"Ilianza kudanganya lini?"

Mama Gramu akanyanyuka, mkono mmoja umeshika meza. Alitaka sana kumpa tarehe. Alitafuta kichwani, akapita mwezi baada ya mwezi, na hakuona kitu cha kushika.

"Sijui, mwanangu," akamwambia. "Mwaka jana nilipoipima ilikuwa sawa. Baada ya hapo sijui."